Corbeille iko tupu, D imefomatiwa: naweza kuuza mashini sasa?

"Bonjour fundi. Nina birotiki ndogo karibu na chuo kikuu hapa Lubumbashi. Nachapa TFC za wanafunzi (kazi zao za kumaliza masomo), napiga skani, natengeneza CV za vijana wanaotafuta kazi kwenye makampuni ya madini. Mashini yangu ni HP ya mezani, nilinunua okazyo, yaani ya mtumba. Ina diski mbili: C ya giga 256 ambako kuna Windows 10, na D ya tera moja ambako naweka kazi za wateja. Nimepata mwanafunzi anayetaka kuinunua na diski zote mbili. Nimefuta kila kitu, nikamwaga Corbeille, lile pipa la takataka la Windows. Kijana wa dada yangu akafomati D, haikuchukua hata dakika moja, ndipo nikaanza kuogopa. Fundi mmoja wa mjini anasema lazima diski zipitishwe mara 35, nimwachie mashini siku nne na nimlipe. Mwenzangu wa kanisani anasema nizitoboe kwa msumari au nizipitishe sumaku. Humo mlikuwa na karte za wapiga kura za watu, diplomu, picha za familia yangu na hesabu zangu za M-Pesa. Nifanye nini, na delestaji hii ya umeme kukatwa kila mara, na intaneti mimi nanunua kwa mega za simu? Na je, kusafisha hakutaharibu diski?"

Bonjour Mama.

Hofu iliyokupata baada ya kuona D imekwisha kwa chini ya dakika moja ni hofu ya haki. Diski ya tera moja haisafishwi kwa muda huo. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi asubiri kidogo, na mashini ibaki kwako. Lakini siku nne hazihitajiki, wala msumari. Kazi hii utaifanya mwenyewe bila kumlipa mtu, na sehemu yake kubwa ni kungoja tu. Sharti ni moja: ujue kwamba C na D, ingawa Windows inazionyesha kwa picha inayofanana, ndani yake si kitu kimoja, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Hapo ndipo fundi wa mjini na mwenzako wa kanisani wamepotea wote wawili.

Tuanze na kilichotokea ulipofuta. Kila diski ina jedwali ambamo Windows inaandika: faili hili linaitwa hivi, linaanzia mahali fulani, ukubwa wake ni huu. Ukifuta faili na kumwaga Corbeille, maandishi yenyewe hayaguswi. Jedwali tu ndilo linalowekewa alama kwamba nafasi ile sasa iko huru, kazi nyingine ikija iandikwe hapo. Fomati ya haraka inafanya hilohilo kwa mkupuo mmoja: inatandika jedwali jipya tupu. Wewe unayechapa TFC kila siku utaelewa upesi: ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuuchoma. Utangulizi, sura zote na hitimisho bado zimo ndani ya jalada. Kompyuta zilitengenezwa hivyo kwa ajili ya haraka, maana mtu anayefuta filamu ya giga nne hataki kungoja giga nne nyingine ziandikwe juu yake.

Sasa, kuzisoma hizo sura hakuhitaji maabara wala polisi. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec. Haiulizi jedwali linasema nini; inapita diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta jinsi mafaili yanavyoanza. Picha ya JPEG huanza kwa alama zilezile siku zote, PDF huanza kwa herufi %PDF, na kadhalika. Ikikuta mwanzo, inaokota kinachofuata na kukihifadhi. Majina ya mafaili yatakuwa yamepotea, lakini karte ya mpiga kura haihitaji jina la faili. Jina la mwenyewe limeandikwa juu yake, na uso wake upo. Mwanafunzi mwenye udadisi na jioni moja ya bure anatosha kwa kazi hiyo, na wala hahitaji kuwa mtu mbaya. Pengine atakuwa anatafuta tu TFC yake mwenyewe aliyoipoteza.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Watafiti wawili wa MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 za mitumba na mwaka 2003 wakaandika walichokuta. Kati ya zilizokuwa bado zinafanya kazi, 129, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa inavyotakiwa. Nyingine nyingi zilikuwa zimefutwa au kufomatiwa, kama yako.

Kwako mzigo ni mkubwa kuliko kwa mtu anayeuza laptopu ya nyumbani. Picha za familia ni zako. Lakini karte za wapiga kura ni za watu waliokupa kwa dakika tano ili upige skani. Kwetu karte hiyo ndiyo kitambulisho cha watu wengi: ndiyo wanayoonyesha kusajili simkadi, na simkadi ndiyo inayobeba pesa zao. Picha safi ya karte, pamoja na CV yenye tarehe ya kuzaliwa, anwani na sahihi, ni kifurushi kamili kwa tapeli. Kodi ya Numeriki ya nchi yetu, iliyotoka tarehe 13 Machi 2023, nayo ina sehemu inayolinda habari za watu binafsi, na haibagui kampuni kubwa na birotiki yenye meza mbili. Sisemi hivyo kukutisha. Nataka ujue kwa nini sitakuambia "inatosha, uza tu".

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha aina ya diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performances, utaona Disque 0 na Disque 1. Chini ya kila moja Windows 10 huandika HDD au SSD. Kwa jinsi ulivyoeleza, karibu naapa kwamba D ni HDD, yaani ile yenye sahani zinazozunguka na kuandika kwa sumaku, na C ni SSD, yenye chipu peke yake bila kitu kinachozunguka. Nitaendelea hivyo. Ukikuta kinyume, badilisha maelezo yangu yafuate diski, usifuate herufi.

D ndiyo rahisi. Kwenye diski ya sahani, ukiandika kitu juu ya kingine mahali palepale, cha zamani kimekwenda. Kwa hiyo tunataka Windows iandike sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Bonyeza D kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Formater, kisha tafuta kisanduku kilichoandikwa Formatage rapide na UKIONDOE alama yake. Hicho kisanduku ndicho ambacho kijana wenu alikiacha. Tangu Windows Vista, fomati isiyo ya haraka huandika sifuri kwenye sehemu nzima (zamani, kwenye Windows XP, ilikuwa inakagua tu, ndiyo maana mafundi wa rika langu wengi bado hawaiamini). Diski ya kawaida huandika kwa kasi ya mega mia hivi kwa sekunde, basi tera moja itakula karibu saa tatu, na ikiwa imechoka saa tano au zaidi. Washa, nenda kachape kazi za watu kwenye mashini nyingine.

Fomati hiyo inasafisha sehemu yenye herufi D tu. Mashini yako ni ya okazyo. Huenda kwenye diski hiyohiyo kuna kipande kingine kisicho na herufi, kilichobaki kutoka kwa mwenye mashini wa kwanza au kwa fundi aliyeigawa. Ukitaka diski nzima bila kuacha kona, kuna chombo ndani ya Windows kinaitwa diskpart, na amri yake ni clean all. Ukiandika clean peke yake, umerudi kwenye kuchana ukurasa wa yaliyomo. Neno la pili ndilo linaloandika sifuri kila mahali. Lakini diskpart haikuulizi mara mbili. Ukichagua diski isiyo sahihi, imekwenda, hata kama ni ile ya nje uliyohifadhia nakala zako. Angalia ukubwa kabla ya kubonyeza, na chomoa kila flashi na kila diski ya nje kwanza. Kama mkono wako unatetemeka, baki na Formater.

Na hizo mara 35? Namba hiyo ina historia ya kweli. Mwaka 1996 mtafiti Peter Gutmann aliandika makala kuhusu diski za wakati ule, akaorodhesha namna 35 za kuandika juu, ili kila aina ya diski iliyokuwapo ipate inayoifaa. Diski moja haikuhitaji zote 35 hata siku hizo, na Gutmann mwenyewe baadaye aliongeza maelezo akiwashangaa watu walioigeuza kuwa kama uganga. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kwenye mwongozo wake wa kusafisha diski, inasema kwa diski ya sumaku kuandika juu mara moja kunatosha kwa kawaida. Piga hesabu: saa tatu mara 35 ni zaidi ya saa mia moja. Siku nne za yule fundi zinatoka hapo. Huenda si mwongo. Huenda alifundishwa hivyo na hakurudi kusoma tena. Lakini usimlipe.

Sumaku ya spika haina nguvu ya kufuta diski ya kisasa, na kwa SSD sumaku haihusiki kabisa kwa sababu humo hakuna kilichoandikwa kwa sumaku. Msumari unafaa kwa diski iliyokufa, nitaufikia.

C ndiyo inayohitaji akili. Pengine unajiuliza kwa nini tuihangaikie wakati kazi za wateja zilikuwa D. Kwa sababu Windows haikai mahali pake. Kila ulipofungua picha, ilihifadhi kijipicha chake kwenye C. Kumbukumbu ilipojaa, ilimwaga sehemu yake kwenye faili kubwa la siri kwenye C. Word ilikuwa ikiweka nakala za dharura za TFC huko. Na mafaili uliyopakua kutoka WhatsApp kwenye mashini kwa kawaida yalishukia Téléchargements, ambayo iko C. Nywila ulizoiambia Chrome ikumbuke ziko huko pia.

SSD haiwezi kuandika juu ya kilichokwisha kuandikwa. Chipu zake lazima zifutwe kwanza ndipo ziandikwe upya, na kufuta hufanyika kwa vipande vikubwa. Zaidi ya hapo, kila kipande kina idadi ya mara ambazo kinaweza kufutwa kabla ya kuchoka. Kwa hiyo ndani ya SSD kuna kidhibiti chenye ujanja wake: ukiiambia "andika sifuri juu ya ukurasa huu", inaandika sifuri mahali pengine palipopumzika, inabadilisha anwani, na ukurasa wa zamani unabaki kando ukingoja zamu ya kufutwa. Pia ina akiba ya nafasi ambayo Windows haioni kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waling'oa chipu za SSD na kuzisoma moja kwa moja. Wakakuta mabaki ya mafaili ambayo programu zilikuwa zimedai kuyafuta moja moja kwa kuyaandikia juu. Ndiyo maana kupitisha SSD mara 35 ni hasara mbili: haikupi uhakika, na inaichosha diski bure. Kwa giga 256, mara 35 ni karibu tera tisa za kuandika. Hiyo ndiyo sehemu ya swali lako kuhusu kuharibu diski: mara moja si kitu, mara 35 kwa SSD ni kuila maisha bila sababu. D haina shida hiyo.

Kuna habari njema upande huu. Tangu Windows 7, ukifuta faili kwenye SSD, Windows huiambia diski "nafasi hii sihitaji tena", na diski huanza kuifuta yenyewe kwa wakati wake. Kwa hiyo ulivyomwaga Corbeille, vingi vya C huenda vimekwenda kweli, tofauti na D. Lakini "huenda" si neno la kuuzia mashini.

Njia bora kabisa kwa C ni kuiagiza SSD yenyewe ijifute. Diski hizi zina amri ya ndani kwa kazi hiyo, na HP nyingi za ofisini zina mahali pa kuitoa: zima mashini, iwashe ukibonyeza F10 mara kwa mara, ingia BIOS (mipangilio ya mashini yenyewe, kabla Windows haijaamka), na kwenye mambo ya usalama tafuta Secure Erase. Dell za ofisini nazo zina kitu cha namna hiyo. Chagua ile ya giga 256, thibitisha, na kwa kawaida ndani ya dakika chache imekwisha, kwa kuwa kidhibiti kinazifikia chipu zote, hata ile akiba iliyofichika. Watafiti walewale wa San Diego walikuta baadhi ya watengenezaji waliitekeleza amri hii vibaya, kwa hiyo hata yenyewe si msahafu, ila ndiyo iliyo karibu zaidi na uhakika. Ubaya wake kwako ni mmoja: Windows inaondoka pia. Utahitaji flashi ya giga 8 au zaidi yenye Windows ya kuweka upya, na kuipakua ni giga kadhaa. Kwa mega za simu, usithubutu. Nenda na flashi mahali penye Wi-Fi nzuri, au muombe mtu unayemwamini akutengenezee.

Kama flashi haipatikani, au BIOS yako haina Secure Erase, tumia njia ya pili: Windows ijirudishe yenyewe. Ingia Paramètres, Mise à jour et sécurité, Récupération, halafu Réinitialiser ce PC, na uchague Supprimer tout. Itakuuliza ipakue Windows mpya kutoka intaneti au itumie iliyomo: chagua iliyomo, bei yake ni sifuri. Kisha, kabla ya kukubali, fungua mipangilio ya ziada na uwashe kusafisha data. Wengi huruka hatua hiyo, na bila hiyo umefanya tena kazi ya kijana wenu. Itakuuliza pia kama isafishe diski zote au ile ya Windows tu. Mimi ningechagua ya Windows tu, D ikiwa imeshamalizwa kando.

Microsoft wenyewe wanasema usafishaji huu ni kwa watu wa kawaida na haufikii viwango vya serikali na makampuni. Kwa kumuuzia mwanafunzi, naona unatosha: kilichobaki kwenye akiba ya SSD hakiokotwi na PhotoRec, lazima mtu ang'oe chipu awe na vifaa vya kuzisoma. Kama ungekuwa mhasibu wa kampuni ya madini, ningekukatalia. Na kama Windows yako ni Pro na mashini ina chipu ya TPM, ile inayotunza funguo za siri, unaweza kuiongezea kufuli kwanza: washa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, chagua diski nzima, si nafasi iliyotumika tu, ngoja imalize, ndipo uanze Réinitialiser. Mabaki yatakuwa maandishi yaliyosimbwa ambayo ufunguo wake haupo.

Sasa delestaji, maana mashini ya mezani haina betri. Umeme ukikatika D ikiwa katikati ya fomati ndefu, hakuna baya: tulikuwa tunaharibu, hatukuwa tunajenga. Unaanza upya tu, ingawa utakuwa umepoteza saa mbili. Ukikatika katikati ya Réinitialiser, Windows inaweza kukataa kuamka, na hapo utaihitaji ile flashi ya giga 8 upende usipende. Ukikatika katikati ya Secure Erase, SSD inaweza kubaki imefungwa kwa nywila, na kuifungua kunahitaji mtu anayejua. Kwa hiyo panga kazi kufuatana na umeme. Secure Erase ni ya dakika chache, onduleri ndogo, ile betri inayoshikilia mashini umeme ukikatika, inaibeba vizuri. Réinitialiser yenye kusafisha inaweza kwenda saa kadhaa, na onduleri ya kaunta haifiki mwisho. Ifanye siku mtaa wenu una umeme wa kutulia, au grupu (jenereta) la jirani likiwa linawaka. BitLocker haina neno: ikikatwa inaendelea ilipoachia. Anza na D, maana haina hatari, na itakuonyesha umeme wa wiki hiyo una tabia gani.

Kabla ya yote hayo, nakala, kama bado kuna kitu hukukifuta. Hamisha unachotaka kubaki nacho kwenda diski ya nje, halafu fungua mafaili kadhaa KUTOKA kwenye ile nakala, kwenye mashini nyingine. Watu huona jina la folda wakadhani na vilivyomo vipo. Tumia nafasi hiyo kupunguza: skani ya karte ya mteja wa mwaka juzi huna sababu ya kuihamisha.

Na kuna vitu ambavyo haviko kwenye diski kabisa. Shika simu yako, fungua WhatsApp, ingia kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uitoe ile mashini. Fanya hivyo kwenye Gmail yako na kwenye akaunti ya Microsoft kama uliitumia kuingilia Windows. Badilisha nywila ya Gmail ukimaliza, maana ndiyo inayofungua nyingine zote. Leseni ya Windows isikusumbue. Kwa mashini kama hizi kwa kawaida hushikamana na mashini yenyewe na itamfuata mnunuzi. Ila mwambie mwanafunzi ukweli kwamba Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Atajua mwenyewe afanye nini na bei.

D ikimaliza, jipime. Weka PhotoRec kwenye flashi, ielekeze kwenye D, na uiache itafute. Kama ulifanya vizuri, itapita tera nzima na kutoka mikono mitupu. Ukiona hata picha moja ya zamani, hukuondoa alama kwenye Formatage rapide, rudia. Kwa SSD kipimo hiki hakisemi yote, kwa sababu kinaona kile tu kidhibiti kinachokubali kuonyesha.

Kuna njia nyingine ambayo hukuiuliza, na kama ungeniomba nichague mimi, ningeanza nayo: usiuze D. Diski ya tera moja iliyotumika haiongezi bei ya mashini kiasi cha kukunyima usingizi. Ing'oe, ni nyaya mbili na skrubu chache, inunulie boksi lake la nje lenye umeme wake na waya wa USB, na utakuwa na mahali pa kuweka nakala kwa mashini mpya. Mwanafunzi apunguziwe kidogo. Akishikilia kwamba lazima tera ile, basi isafishe kama nilivyoeleza na umpe kwa amani. Ikishaandikwa sifuri, kumnyima ni woga tu.

Lini uende kwa fundi ana kwa ana? Diski ikitoa mlio wa kugonga au isipoonekana kabisa: hapo programu haiwezi kuandika kitu, na maandishi bado yamo. Usiiuze hata kwa vipuri. Hiyo ndiyo ya mwenzako wa kanisani: ifungue, toboa au kunja sahani zenyewe, si kasha la nje. Funika macho, hasa kwa diski ndogo za laptopu, maana sahani zake mara nyingi ni za kioo. Nenda pia kwa fundi kama BIOS inadai nywila usiyoijua, au mashini inaomba ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48 ambao hukuwahi kuuona, au Secure Erase imekatikia njiani.

Na ukienda, kaa naye. Hili nalisema dhidi ya watu wa kazi yangu: kwa maoni yangu, katika mji wetu hatari kubwa si mtaalamu wa kuokoa data, ni diski ya nje ya fundi. Wengi wetu, kabla ya kufomati mashini ya mteja, tunachukua nakala "kwa usalama". Ni tabia njema, mpaka mteja anapoondoka na nakala inabaki, mwaka wa kwanza, wa pili, pamoja na za wengine mia. Ukimwachia yule jamaa mashini siku nne, huna namna ya kujua kilichonakiliwa siku ya kwanza. Muulize kabla hajagusa: diski yangu ni HDD au SSD, na utasafisha kila moja kwa njia gani? Akijibu kwamba ni dawa moja kwa zote mbili, chukua mashini yako uende.

Mwisho, angalia fotokopi yako. Kama ni kiprinta kidogo cha mezani, acha. Lakini kama ni moja ya yale mashine makubwa ya kusimama yaliyotoka Ulaya, nyingi kati ya hizo zina diski ndani, na zinaweza kuhifadhi humo picha za karatasi zilizopita. Siku ukiiuza, ingia kwenye menyu yake ya msimamizi utafute kufuta diski. Usipoipata, muombe fundi wa fotokopi aing'oe mbele yako.